Ngome Iliyobadilishiwa Kazi: Kuta za Vita Zinawezaje Kulinda Utamaduni?

Likizo iliyopita baadhi yetu tulikwenda Nyakitonto, wilayani Kasulu, kusaidia semina ya vijana. Jioni, mzee mmoja aliyefanya kazi ya ukatekista kwa miaka mingi alituita tukae naye barazani. Baada ya salamu za Kiha, ambazo haziishi mpaka umeulizwa habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, alitueleza jambo lililokuwa likimsumbua. Katika parokia moja ya jirani kuna nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa na wamisionari. Paa limeanza kuoza. Nusu ya waamini wanataka ibomolewe, ijengwe ukumbi wa kukodisha kwa harusi. Nusu nyingine wanasema ibaki, lakini wakiulizwa ibaki kwa kazi gani, wanakosa jibu.

Kisha akatugeukia: "Mafrateri wangu, ninyi mnasoma. Nasikia huko pwani kuna ngome za vita ambazo siku hizi zinatunza utamaduni. Jengo lililojengwa kwa ajili ya mizinga linatunzaje ngoma? Na sisi Waha, tusio na ngome, tufanyeje?"

Usiku ule hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na tunadhani swali lake ni la wasomaji wetu wengi, kwa sababu karibu kila jimbo lina jengo la zamani linalosubiri kuamuliwa.

Neno "gereza" lilitoka wapi

Tuanze na neno tunalolitumia kila siku bila kulifikiria. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba neno "gereza" limetokana na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Wareno walipokaa katika pwani yetu, makanisa yao yalikuwa ndani au kando ya ngome zao. Watu wa pwani wakaliita boma zima kwa jina lile. Baadaye ngome zikageuzwa kuwa vifungo, na neno lililokuwa na maana ya nyumba ya sala likawa na maana ya nyumba ya wafungwa. Huko Kilwa Kisiwani, ngome ya zamani iliyo ufukweni inaitwa Gereza hadi leo.

Kwa hiyo Kiswahili chenyewe kinashuhudia kwamba jengo linaweza kubadilishiwa kazi. Kanisa liligeuka ngome, ngome ikageuka kifungo. Linalotuhusu hapa ni kama mwendo huo unaweza kurudi nyuma: je, kifungo kinaweza kugeuka tena kuwa mahali ambapo watu huingia kwa hiari yao na kutoka wakiwa wameongezewa kitu?

Mfano ulio wazi kuliko yote katika Afrika Mashariki ni Ngome ya Yesu, Mombasa.

Ngome ya Yesu na damu iliyomwagika ndani yake

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, msanifu Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi chini ya mfalme Filipo wa Pili, ambaye wakati huo alitawala Hispania na Ureno pamoja. Ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, ili mizinga yake iweze kuzuia meli yoyote. Ikapewa jina la Yesu. Sisi tunaojiandaa kwa upadre hatuwezi kulipita jina hilo haraka: jina la Mfalme wa Amani liliwekwa juu ya nyumba ya baruti.

Mwaka 1631 ilionekana wazi jinsi jina na kazi vilivyokuwa mbalimbali. Mfalme wa Mombasa wakati huo alikuwa Yusuf bin Hasan. Baba yake aliuawa baada ya ugomvi na Wareno, naye akapelekwa Goa angali mtoto. Huko alilelewa na mapadre Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akarudishwa kutawala. Maafisa wa ngome walimdharau. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akautangaza tena Uislamu. Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waume kwa wake na watoto, waliuawa. Hao ndio wanaokumbukwa kama Mashahidi wa Mombasa, na ushuhuda juu ya kifo chao ulikusanywa huko Goa muda mfupi baadaye. Wareno waliporudi, walichonga maandishi ya kujisifu kwa ushindi wao, nayo yapo juu ya lango hata sasa.

Haikuishia hapo. Kuanzia Machi 1696 Waomani waliizingira ngome hiyo kwa karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani, Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, waliteketea kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Ilipotekwa Desemba 1698, waliobaki hai walikuwa wachache mno. Waingereza nao walipoanza kutawala, waliifanya ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958.

Basi mtu anaposema "tuigeuze ngome hii iwe mahali pa utamaduni", anapaswa kwanza kukubali kwamba anashika kitu chenye majeraha. Mwislamu wa Mombasa ana kumbukumbu yake, Mkristo ana yake, na mjukuu wa mtu aliyefungwa mle ana yake. Ukichagua kumbukumbu moja na kuzifuta nyingine, ngome inabaki ngome, hata kama ndani yake umepanga vyungu na vinyago.

Kazi iliyofanyika baada ya gereza kufungwa

Hapa ndipo penye mafunzo ya vitendo. Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa na ngome ikatangazwa kuwa mali ya taifa iliyolindwa. Msaada wa fedha ulitoka kwa mfuko wa Gulbenkian wa Ureno. Kazi ya kuchimba na kuchunguza iliongozwa na James Kirkman, mwanaakiolojia aliyekuwa tayari amefanya kazi miaka kadhaa katika magofu ya Gedi. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1962, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika ngome katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tukiupanga mwendo huo, tunaona hatua nne zinazofuatana kwa sababu.

Ya kwanza ni ulinzi wa kisheria. Kabla hujagusa jiwe, lazima ijulikane jengo ni la nani, nani ana ruhusa ya kulibadilisha, na nani atakayezuia lisibomolewe. Bila hatua hiyo, fedha zote za ukarabati zinaweza kupotea siku kiongozi mmoja atakapobadilisha mawazo.

Ya pili ni uchunguzi. Kirkman na wenzake walichimba kwanza ili wajue nini kiko chini. Waligundua kwamba ngome ilikuwa imejengwa, ikabomoka na kujengwa tena mara nyingi, na kila tabaka la udongo lilikuwa na habari zake. Hata michoro ya meli na watu waliyoichora askari Wareno ukutani, labda kwa kuchoshwa na zamu, iliokolewa na sasa huonyeshwa. Fundi mwenye haraka angeipaka chokaa kabla ya saa nne asubuhi.

Ya tatu ni ukarabati unaoheshimu asili ya jengo. Kuta za pwani ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa ni laini na hupumua, yaani unyevu huingia na kutoka. Saruji ni ngumu na huziba. Ukipaka saruji juu ya ukuta wa aina hiyo, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya miaka michache uso wa ukuta huanza kumenyeka pamoja na jiwe lake. Kwa nje unaonekana umetengenezwa, kumbe ndani unaoza. Ndiyo maana wahifadhi hutafuta mafundi wanaojua kuchoma chokaa, kuilowesha na kuiacha ikomae. Kwa njia hiyo kutunza jengo kunatunza pia ujuzi wa mikono, na huo nao ni utamaduni.

Ya nne ni matumizi. Jengo lisilotumika hufa hata likiwa limelindwa na sheria. Paa linavuja na hakuna anayeona, popo wanahamia, vijana wanang'oa mbao. Ngome ya Yesu ina watunzaji, maonyesho, wanafunzi wanaopita kila juma, na watu wa mji wenye sababu ya kuingia. Ndani yake vimewekwa vitu vya Wareno, vya Waomani na vya Waswahili chini ya dari moja, pamoja na vile vilivyoopolewa kutoka katika meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingo ule. Mtoto wa shule wa Mombasa, awe Mwislamu au Mkristo, anaweza kusimama mahali ambapo babu zake waliuana, akasikia habari zote mbili kwa siku moja. Hilo halikuwezekana mwaka 1631.

Ngome Kongwe ya Unguja: utamaduni unaopumua

Makumbusho, hata hivyo, ni namna moja tu. Mzee wetu aliuliza juu ya ngoma, na ngoma haiwezi kuwekwa ndani ya kabati la kioo. Kwa hiyo tuvuke bahari twende Unguja.

Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Hawakuijenga juu ya kiwanja kitupu. Palikuwa na kanisa la Wareno lililojengwa kuanzia mwaka 1598, na mabaki yake yaliingizwa katika ngome. Anayejua anaweza kuyaona kwenye ukuta wa ndani. Katika karne ya 19 ngome ilikuwa gereza na mahali pa kuwaadhibu watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ya Bububu. Baadaye ikawa klabu ya wanawake. Hakuna kazi ambayo kuta zile hazikuijaribu.

Katika miaka ya 1990 ilikarabatiwa na ndani ya ua wake likajengwa jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia. Tangu 1998 imekuwa nyumbani kwa Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, na tangu 2004 Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likiwakusanya humo wanamuziki kutoka pande zote za Afrika. Taarabu imepigwa mle, na ngoma za bara pia. Kuta zilizojengwa kuzuia watu wasiingie sasa zinakinga upepo na kelele za barabara ili sauti isikike vizuri. Umbo la ngome, yaani ua mpana uliozungukwa na ukuta mrefu, linafaa kabisa kwa watu kukaa pamoja na kusikiliza. Mbunifu mwenye busara hakupigana na umbo lile, aliliuliza linafaa kwa kazi gani.

Lakini hatutaki kumdanganya msomaji kwamba mambo ya Unguja yote ni mazuri. Hatua chache tu kutoka Ngome Kongwe lipo Beit al-Ajaib, jumba la masultani lililokuwa limegeuzwa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, sehemu ya jumba hilo iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Sherehe haishiki ukuta. Anayekubali kulitumia jengo la kale amekubali kulitunza mwaka hadi mwaka, na gharama hiyo haina mwisho.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya zaidi. Ngome inaweza kufunguliwa kwa wageni na kufungwa kwa wenyeji bila mtu kutangaza hivyo. Bei ya tiketi ikipanda, vitu vinavyouzwa vikawa vya kupendeza macho ya watalii tu, na nyimbo zikafupishwa ili zisiwachoshe wasiojua lugha, utamaduni hutoka mlangoni polepole. Kipimo chetu ni chepesi: bibi anayekaa mtaa wa jirani aliingia humo lini kwa mara ya mwisho, na aliingia kufanya nini?

Karema: ngome iliyokabidhiwa kwa mapadre

Mpaka hapa msomaji wa Kasulu au Kibondo anaweza kusema hayo ni mambo ya pwani. Sivyo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora ilifika Ujiji, nasi tunaoishi juu ya ziwa tulivutwa katika historia ileile ya bunduki, pembe na watumwa. Nasi pia tuna ngome yetu. Iko Karema, kusini mwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi wa leo.

Ilianzishwa mwaka 1879 na maafisa wa Kibelgiji wa chama kilichoundwa na mfalme Leopold wa Pili. Chama hicho kilijitangaza kuwa cha sayansi na cha kupinga biashara ya utumwa. Mwaka uleule Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji. Baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, upande huu wa ziwa uliangukia kwa Wajerumani na Leopold hakuwa tena na haja na Karema. Mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Kuta za kijeshi zikawa misioni. Waliokombolewa kutoka utumwani wakapata mahali pa kukaa, na sala ikaingia palipokuwa na zamu za askari.

Mtu mmoja anatosha kuonyesha maana ya mabadiliko hayo. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa tabibu na katekista, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kuwa bidhaa aliwahudumia watu kwa zaidi ya miaka sitini, akianzia ndani ya boma lililojengwa kwa ajili ya ukoloni. Tukitafuta mfano wa ngome iliyobadilishiwa kazi, hatuhitaji kwenda mbali zaidi.

Hata hivyo ukweli una upande wa pili, na seminari haiwezi kuuficha. Emile Storms, afisa wa mwisho wa Kibelgiji aliyeongoza Karema, alianzisha pia kituo cha Mpala ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1884 watu wake walimshambulia na kumuua mtemi Lusinga wa Watabwa. Kichwa cha mtemi kilipelekwa Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mababu zake, ambayo leo iko katika makumbusho ya Tervuren. Mpala nayo ilikabidhiwa kwa mapadre. Kwa maneno mengine, vituo tulivyovirithi kama misioni vilikuwa vimewahi kuupora utamaduni wa watu waleule tuliotumwa kwao. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza Kanisa la eneo hilo kutoka Karema tangu 1891, aliandika kwa kirefu juu ya mila za watu wa kando ya ziwa, na kitabu chake kilitoka mwaka 1913. Alihifadhi mengi. Lakini aliandika kwa Kifaransa, na wajukuu wa waliomsimulia hawakiwezi. Kuhifadhi ni kazi ya kwanza. Kuwarudishia wenyewe ni kazi ya pili, na mara nyingi imeachwa.

Kanisa limefundisha nini

Wengine huuliza kama mambo haya yanalihusu Kanisa kweli. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliwaandikia wamisionari waliokwenda Uingereza, akiwaelekeza wasibomoe mahekalu ya wenyeji yaliyojengwa vizuri, bali waondoe sanamu na kuyaweka majengo katika ibada ya Mungu wa kweli, ili watu waendelee kukusanyika mahali walipozoea. Roma yenyewe ina mfano mbele ya macho ya mahujaji. Castel Sant'Angelo lilijengwa kuwa kaburi la kaisari Hadriani, likawa ngome ya mapapa, likawa gereza, na tangu mwaka 1925 ni makumbusho.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitenga sura nzima kwa ajili ya utamaduni, ukifundisha kwamba mwanadamu hafikii ubinadamu wake kamili bila huo. Kutoka hapo tumejifunza neno utamadunisho. Lakini utamadunisho unahitaji utamaduni ulio hai. Frateri asiyeijua methali hata moja ya Kiha atautamadunisha nini? Tunasema hivi tukijionyeshea kidole sisi wenyewe, maana wengi wetu tulilelewa mabwenini tangu utotoni, tukatoka tukiijua historia ya Ulaya kuliko ya Heru.

Tunarudi Nyakitonto

Sasa tumjibu mzee. Waha hawakuacha ngome za mawe. Falme za Heru, Muhambwe na Buyungu zilijenga kwa miti, nyasi na udongo, na makao ya mwami yalirudi ardhini. Uimara wa Buha ulikaa katika vitu visivyo na ukuta: lugha, ngoma, inanga, kufua chuma, mizinga ya nyuki, taratibu za kuombana radhi. Vitu kama hivyo vinaharibika haraka kuliko matumbawe. Ukuta uliopasuka unaweza kuzibwa baada ya miaka mia. Wimbo aliokufa nao mjuzi wake wa mwisho hauzibwi.

Majirani zetu wanalijua hilo kwa uchungu. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani humu Kasulu, imewapokea watu kutoka Kongo, na baadaye kutoka Burundi. Wengi walifika bila mzigo. Ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa binadamu usioshikika, inaishi kwa sababu watu wanaipiga popote walipo, hata chini ya turubai. Anayepiga ngoma kambini ni mlinzi wa utamaduni asiye na ukuta. Anachohitaji ni mahali na muda, na mtoto wa kumfundisha.

Kwa hiyo ile nyumba ya matofali yenye paa bovu isipimwe kwa uzee wake tu. Ipimwe kwa hatua nne tulizoziona Mombasa.

Sheria: msomaji ajue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ya Tanzania Bara inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi. Boma la Karema la 1879 liko baada ya mwaka huo, na karibu misioni zetu zote za bara ziko hivyo pia. Maana yake ni kwamba mlinzi wa kwanza wa nyumba ile ni parokia yenyewe. Uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za halmashauri, hati za kiwanja zitafutwe, na jimbo lijulishwe kabla ya nyundo ya kwanza.

Uchunguzi: kabla ya fundi kuitwa, waitwe wazee. Nani alifyatua matofali, udongo ulichimbwa wapi, nani alilipwa na nani alilazimishwa? Yarekodiwe yote, na yale yasiyopendeza pia. Simu ya mkononi inatosha kuanzia. Diari ya misioni, kama ipo, isomwe na kutafsiriwa.

Ukarabati: paa kwanza, kwa sababu maji ndiyo adui wa ukuta. Matofali yaliyojengwa kwa udongo yasipakwe saruji ngumu, kwa sababu ileile tuliyoieleza juu ya matumbawe. Udongo na chokaa vinapatikana, na kijana atakayejifunza kazi hiyo atakuwa na ujuzi wa kumlisha.

Matumizi: hapa ndipo penye uamuzi wote. Wanaotaka ukumbi hawana kosa, kwa sababu parokia inahitaji mapato. Lakini ukumbi na hifadhi si maadui. Chumba kimoja kinaweza kuwa na rekodi na vifaa vya wazee, ua ukatumika kwa ngoma na kwaya, na chumba kikubwa kikakodishwa siku za Jumamosi ili kulipia bati. Watoto wa katekesi wakija mapema, mzee awafundishe hadithi moja kwa Kiha kabla ya somo. Wakimbizi wakialikwa kupiga ngoma yao, waalikwe kama walimu, wasialikwe kama burudani. Na kama hakuna hata mtu mmoja aliye tayari kuingia ndani kila juma kufanya kitu, basi tuwe wakweli: nyumba hiyo haitaokolewa na bati jipya.

Tulimpelekea mzee maelezo haya kwa ufupi kupitia kijana anayesoma nasi. Alijibu kwamba amesikia, na kwamba halmashauri itakaa tena baada ya mavuno. Akaongeza kuwa yeye mwenyewe anajua nyimbo za mavuno zinazopita thelathini, na kwamba hakuna mjukuu wake anayezijua.

Likizo ijayo tunarudi Nyakitonto na kinasa sauti. Tunamwomba kila msomaji wetu aanzie palepale: amtafute mzee mmoja, aulizie jengo moja, na asikubali lolote kati ya hayo mawili liondoke kabla halijaulizwa lilikuwa na kazi gani.